Siku Sita Nyuma ya Kunguru wa Majanini

Siku ya kwanza

Tulianza na maiti. Saa tano asubuhi, saa mbili tu tangu tuiache barabara, Mwalimu alisimama ghafla akanyoosha fimbo. Mbele yetu, katikati ya majani makavu, palikuwa na shina jeupe, refu kama penseli mpya, halina kichwa. Chini yake weusi ulikuwa umemwagika juu ya majani, mzito, unang'aa, kana kwamba mtu alipita hapo akakung'uta kalamu.

"Uyoga wa wino," nikasema haraka, huku nikijua kwamba hilo si jibu. Ni sawa na kumwona mtu kwa mbali ukasema ni binadamu.

Safari yenyewe ndiyo hii: siku sita kwa miguu, tukifuata mgongo wa vilima vya mawe ya chokaa, huko Ulaya, majira ya vuli, chini ya miti mirefu yenye gome laini la kijivu ambayo wataalamu wa mimea huiita Fagus. Kazi yetu ni kuandika kila uyoga wa wino tutakaoukuta, yaani ule ukoo ambao kofia za wengi wao huyeyuka zikawa maji meusi. Mwalimu ndiye aliyenifundisha kuvu zamani. Sasa amestaafu, magoti yanamlalamikia, lakini macho yake bado yanaona kitu hatua ishirini kabla yangu. Mimi ndiye punda wa safari: mahema mawili, hadubini ndogo, slaidi, foili, wembe, rula, daftari. Na niseme mapema, maana najua nitaulizwa: hakuna chochote katika simulizi hii kilichoingia sufuriani.

Nikapiga magoti nikapima. Shina sentimita 18, unene wa kidole changu cha mwisho, uwazi ndani kama mrija, kitako kimevimba kidogo. Pete hakuna. Nikainama kunusa, nikarudisha kichwa nyuma. Lilinuka lami. Ile harufu ya barabara inayomwagwa lami mchana wa jua, na nyuma yake kitu kama vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kabatini.

Nikafungua daftari nikaandika: Coprinopsis atramentaria. Huyu ndiye mwenye wino anayejulikana zaidi, wa kijivu, na jina lake la Kilatini lenyewe linatokana na wino. Mwalimu akachungulia juu ya bega langu.

"Umeona mashina mangapi hapo?"

"Moja, Mwalimu."

"Na huyo uliyemwandika hutoka mmoja mmoja?"

Nikanyamaza. Hutoka kwa vishada, vichwa kumi au zaidi vimebanana kama watu kwenye daladala, karibu na kisiki au mti uliozikwa ardhini. Sikuona kisiki.

"Basi iache hivyo hivyo," akasema. "Lakini andika kwa penseli."

Nikafuta, nikaandika tena kwa penseli. Nililichukua kama somo la unyenyekevu, nikalimeza kimya kimya, na jioni nzima lilinikaa kooni.

Siku ya pili

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Vaa viatu, leo tunatembelea ukoo mzima."

Hakukosea. Mvua ya wiki iliyopita ilikuwa imelowesha kila kitu, na leo msitu umetoa kila ulichokuwa nacho. Nitapita haraka kwa wale wa kawaida, ingawa bila kuwajua hao huwezi kumtambua asiye wa kawaida.

Wa kwanza, kwenye kisiki, Coprinellus micaceus: kofia za rangi ya kahawia ya asali, na juu yake chembe ndogo zinazometameta kama chumvi. Ukipitisha kidole zinatoka zote, na baada ya mvua kubwa huzikuti kabisa, kwa hiyo uyoga ule ule unaweza kuonekana wa aina mbili asubuhi na jioni. Hatua chache mbele, Coprinellus disseminatus, mamia kwa mamia wakipanda kisiki kilichooza, kila kofia ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Huyu yuko kwenye ukoo wa wino lakini hatoi wino. Hunyauka tu kama uyoga wengine. Nampenda kwa ukaidi huo.

Kando ya njia, penye kokoto, tukamkuta Coprinus comatus, mrefu, mweupe, amefunga kofia yake kama mwavuli ambao haujafunguliwa, magamba yamejikunja juu. Mwalimu akampasua kwa urefu kunionyesha vitu viwili. Cha kwanza, pete nyembamba iliyolegea, unaweza kuipandisha na kuishusha kwenye shina kama bangili. Cha pili, ndani ya uwazi wa shina, uzi mmoja mweupe uliotundikwa kutoka juu hadi chini. Nilikuwa nimemsoma uyoga huu miaka mingi, uzi huo sijawahi kuuona kwa macho yangu. Ni mwembamba kama uzi wa kushonea, na unatikisika ukiupulizia.

Na yule wa kijivu niliyemtaja jana, tukamkuta pia. Kishada cha vichwa kumi na vinne, kofia laini kama hariri iliyofifia, chini ya kila shina alama kama ya pete karibu na udongo. Harufu yake? Ya uyoga tu. Hakuna lami. Nikalifuta jina la jana bila kuambiwa.

Mwalimu akasimulia habari ya huyu wa kijivu huku tukipumzika. Ndani yake mna kemikali iitwayo koprini, iliyotambuliwa mwaka 1975. Mtu akimla huyu na asiguse pombe, hana shida. Akinywa pombe, hata siku moja au mbili baadaye, uso unawaka mwekundu, moyo unakwenda mbio, kichefuchefu na matapishi vinafuata. Kinachotokea ni kwamba koprini huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kumaliza asetaldehidi, ile sumu inayozaliwa pombe inapovunjwa mwilini. Ni njia ile ile inayotumiwa na dawa ya disulfiramu wanayopewa watu wanaotaka kuacha ulevi. "Uyoga wenye msimamo wa dini," akasema Mwalimu, akacheka peke yake.

Saa kumi na moja jioni, mwanga ukiwa umeanza kuwa wa shaba, niliona kitu kwenye mteremko. Kofia iliyosimama kama kengele, sehemu ya chini imeshaanza kujikunja na kudondosha weusi, sehemu ya juu bado imara, na juu ya weusi huo mabaka meupe. Nikasema Coprinus comatus aliyechakaa, amechafuka kwa wino wake mwenyewe. Mwalimu alikuwa amebaki nyuma, magoti. Nikang'oa haraka, nikatia kwenye kopo la plastiki, nikabana kifuniko, nikateremka.

Kung'oa haraka, plastiki, kifuniko. Nayaandika hayo matatu pamoja ili nijione.

Siku ya tatu

Mvua. Hatukutoka hemani.

Nilifungua kopo saa moja asubuhi kumwonyesha Mwalimu. Ndani mlikuwa na mchuzi. Mweusi tititi, mzito kama uji wa kwanza, na juu yake vipande viwili vitatu vyeupe vikielea. Nilipoinamisha kopo ili atazame, kifuniko kikaponyoka na robo ya mchuzi ikamwagikia daftari, kurasa za siku ya kwanza na ya pili. Lakini kabla hata sijatafuta kitambaa, hema zima lilikuwa limejaa harufu.

Lami.

Tukatazamana.

"Comatus?" akauliza Mwalimu, kwa upole unaouma kuliko kofi.

Comatus hanuki hivyo. Hana mabaka mapana meupe yaliyotengana juu ya weusi, ana magamba yaliyopinda. Na pete? Sikuitazama. Kitako? Kilibaki ardhini nilipong'oa kwa haraka. Nilikuwa nimebeba jibu la swali la siku ya kwanza, nikaligeuza supu.

Kwa kuwa mvua haikuacha, Mwalimu alinieleza kwa nini uyoga huu hauvumilii kopo, na hapo nikaelewa kitu ambacho vitabuni nilikuwa nikikiruka. Uyoga wa kawaida una matamvua chini ya kofia yenye umbo la kabari: mapana juu, membamba chini, ili spora, zile chembe zake za uzazi, zikidondoka zisinase kwenye tamvua la jirani. Matamvua ya wengi wa uyoga wa wino hayana ukabari huo. Ni bapa na yamebanana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Spora zikiiva zote kwa mkupuo mmoja, zitakwama humo humo. Kwa hiyo huiva kwa zamu, kuanzia ukingo wa chini kwenda juu. Ukingo ukishamaliza kurusha spora zake, vimeng'enya vyake mwenyewe huuyeyusha, unajikunja nje, na njia inafunguka kwa ukanda unaofuata. Kofia inajila kutoka chini kwenda juu, na spora nyingi zinaondoka na upepo kabla ya wino. Wino ni masalio tu, pamoja na spora zilizochelewa.

Aliyeyachunguza haya kwa subira ya ajabu ni A. H. Reginald Buller, Mwingereza aliyefundisha Winnipeg, Kanada, na kufariki mwaka 1944. Aliona hata kwamba katika baadhi ya uyoga hawa kuna seli kubwa zinazosimama kati ya tamvua na tamvua kama nguzo, kuzuia yasigandane, na kwamba nguzo hizo huondolewa kwanza kabla wimbi la kuyeyuka halijafika. Nilipoambiwa hivyo nikafikiria fundi anayeondoa mbao za kushikilia zege, moja moja, kwa mpangilio.

"Sasa wewe," akasema, "ukamtia mtu aliye katikati ya kazi hiyo kwenye kopo lenye joto na unyevu, usiku kucha. Ulitegemea nini?"

Mchana tukazungumzia majina, maana mvua ilikuwa bado. Zamani uyoga wote wa wino waliwekwa kwenye jenasi moja, yaani kundi moja la ndugu wa karibu, Coprinus, kutokana na neno la Kigiriki la mavi, kwa kuwa wengi wao huota kwenye samadi. Kisha wakaja watu na vinasaba. Mwaka 2001 Scott Redhead na wenzake waliigawa jenasi hiyo vipande vinne. Comatus, kwa kuwa ndiye mwenye jina, alibaki nalo, lakini kumbe ndugu zake wa kweli ni wale uyoga weupe wa kulimwa sokoni, jamii ya Agaricus. Waliobaki, yaani karibu wote, wakahamishiwa jamii nyingine kabisa kwa majina ya Coprinopsis, Coprinellus na Parasola. Maana yake ni kwamba wino ulizuka zaidi ya mara moja katika koo tofauti. Wawili wanaofanana kwa tabia ya ajabu kiasi hicho, na si ndugu wa karibu.

Nililala na daftari limeanikwa juu ya kamba.

Siku ya nne

Tulirudi kwenye mteremko. Mwalimu alisisitiza tuende polepole na tusimame mita tano kabla ya mahali penyewe, tutazame tu. Nikatazama mpaka macho yakachoka. Majani, majani, jiwe la chokaa limechomoza kama jino, majani.

"Kushoto kwa jiwe," akanong'ona.

Yai. Sitanii, nilidhani ni yai la ndege. Jeupe, limefunikwa na kitu kama pamba iliyobanwa, nusu yake ndani ya majani. Urefu sentimita nne na nusu. Nikakumbuka kitendawili cha utotoni, nyumba yangu haina mlango, na jibu lake ni yai. Halafu kile kingine, nyumba yangu ina nguzo moja, ambacho jibu lake ni uyoga. Hapa vilikuwa vitendawili viwili kwenye kitu kimoja, ila nguzo bado haijatoka.

Hatua mbili juu yake, lingine, kubwa kidogo, na hili lilikuwa limeshaanza kupasuka. Hapo ndipo nililala kifudifudi na lenzi ya mkononi, nikakaa karibu saa nzima. Ile pamba nyeupe ni shela, inayoufunika uyoga wote ukiwa mchanga. Kofia iliyo chini yake inakua, shela haikui. Kwa hiyo inachanika. Lakini haichaniki kama nguo, kwa mstari. Inaachana kama tope la bwawa linapokauka, vipande vipande, na katikati ya vipande ngozi ya kofia inaonekana, hudhurungi iliyokolea inayoelekea kijivu, na kadiri ufa unavyopanuka ndivyo inavyozidi kuwa nyeusi. Kwenye kingo za kila baka jeupe niliona nyuzi zikivutika, nyembamba kuliko za buibui, moja baada ya nyingine zikikatika. Sikuziona zikikatika, niseme ukweli. Nilifumba macho kupumzika, nikifumbua, moja haipo.

Mwalimu alikaa kwenye jiwe, amekunja blanketi mabegani. "Sasa taja jina," akasema.

Nililijua. Nadhani nililijua tangu harufu ya asubuhi ya jana, nikaogopa kulisema kwa sababu nilishakosea mara mbili. Coprinopsis picacea.

Pierre Bulliard, Mfaransa, ndiye aliyempa jina mwaka 1785, wakati huo Agaricus picaceus, akimlinganisha na ndege wa Ulaya mwenye weusi na weupe, wa jamii ya kunguru. Samuel Frederick Gray akamhamishia Coprinus mwaka 1821, na hapo akakaa mpaka kundi la 2001 lilipompa Coprinopsis. Kwangu mimi jina halihitaji tafsiri yoyote. Ni kunguru, yule yule mweusi mwenye shati jeupe kifuani, ametua majanini akageuka uyoga.

Si wa kila mahali. Hupenda udongo wa chokaa, chini ya miti inayopukutisha majani, na hasa hii Fagus, na hata huko hutoka mmoja mmoja au wachache waliotawanyika. Unaweza kutembea msitu unaomfaa miaka mingi usimwone, kisha ukamwona siku ambayo unatafuta kitu kingine. Wala si wa kuliwa. Wapo waliotapika.

"Umesema jina," Mwalimu akasema. "Sasa nithibitishie."

Tukakubaliana hivi: yule aliyepasuka tutamchukua kesho, akiwa katikati ya maisha yake. Yai tutaliacha, tutalifuata kwa kulitazama tu mpaka lijimalize. Saa kumi jioni yai lilikuwa sentimita tano na nusu. Saa nne usiku nilikwenda na tochi, bado halijapasuka, lakini lilikuwa limeinuka, na majani yaliyokuwa yameliegemea yalianguka pembeni.

Siku ya tano

Saa kumi na mbili alfajiri. Ukungu. Yai limefunguka.

Kofia imekuwa ndefu, shela imechanika pande zote, na nguzo imetoka: sentimita kumi na moja kutoka udongoni hadi juu. Mwenzake wa juu alikuwa amefikia kumi na sita, kengele kamili, mabaka yake meupe yametengana kiasi kwamba weusi sasa ndio mwingi. Ukingo wake wa chini ulikuwa bado umenyooka. Nusu siku zaidi ungeanza kujikunja.

Safari hii sikung'oa. Nilichimba kwa kisu kuzunguka kitako, nikainua pamoja na udongo. Kitako kimevimba kama kitunguu kidogo. Shina jeupe, lina manyoya laini yanayobaki kidoleni, na linavunjika kwa kuguswa tu, nikalivunja nusu kabla sijamaliza kupima. Pete hakuna, hilo sasa nililitazama mara tatu. Nikampasua kwa urefu: ndani uwazi mtupu, hakuna uzi. Matamvua hayakushikana na shina. Na rangi yake ndiyo iliyonipendeza kuliko yote, kwa sababu kipande kimoja kilikuwa na saa zote tatu za maisha yake. Juu karibu na kilele, meupe. Katikati, waridi ya kijivu. Chini, meusi. Wimbi alilolieleza Mwalimu hemani lilikuwa limelala mkononi mwangu.

Niandike na tulivyomhifadhi, maana ndipo nilipoharibu. Nusu moja tuliikata vipande vyembamba na kuvianika mara moja kwenye karatasi, juu ya mawe yaliyopata jua, kisha ndani ya bahasha yenye chembe za kunyonya unyevu. Uyoga wa wino unashindana na wewe: ukikauka kabla haujayeyuka, wewe umeshinda. Nusu ya pili tuliifunga kwa foili, si plastiki. Kipande cha kofia tulikilaza juu ya kioo, nusu ya kioo imewekewa karatasi nyeupe chini yake, ili spora zidondoke usiku. Picha: juu, ubavu, chini, kitako, na rula ndani ya kila picha.

Tulimzungumzia na mfanano mmoja, Coprinopsis variegata wa Amerika Kaskazini, ambaye naye ana mabaka ya shela juu ya kofia ya kijivu. Kwenye picha mtu anaweza kuwachanganya. Lakini yule hutoka kwa vishada kwenye mti uliozikwa, na shela yake huelekea unjano na ukahawia. Hapa tulikuwa na mmoja mmoja, juu ya chokaa, shela nyeupe.

Mchana kutwa tulimfuata yule tuliyemwacha. Saa nane mchana alikuwa sentimita kumi na tano. Saa kumi na moja, kumi na saba, na ukingo wake ukaanza. Kwanza mstari mwembamba wa unyevu kuzunguka kengele yote. Halafu ukingo ukainuka nje kidogo, kama mtu anayekunja pindo la suruali avuke maji. Kisha tone moja likajikusanya, likanenepa, likaning'inia. Nilihesabu mpaka mia na arobaini kabla halijaanguka juu ya jani.

Konokono mmoja alikuja, akafika kwenye tone, akasimama, akageuza njia.

Siku ya sita

Alasiri tumeshuka hadi kibanda cha wapandaji, kina meza na dirisha, na Mwalimu akafungua sanduku la hadubini.

Alama ya spora kwenye kioo: nyeusi kabisa upande wa karatasi nyeupe, na ukiinua kioo kwenye dirisha bado nyeusi. Nikakwangua kidogo kwa ncha ya wembe, tone la maji, kioo cha juu, ukuzaji wa mara 400. Zikatokea kama mbegu za papai zilizoangushwa kwenye maji, za duaradufu, nyeusi zinazoelekea wekundu pale mwanga unapopita pembeni, na kwenye ncha moja ya kila spora tundu dogo, katikati barabara, mahali ambapo uyoga mpya ungetokea. Nikaangalia tena kwa makusudi: si umbo la kofia ya askofu, kama za yule micaceus wa kwenye kisiki.

Kisha vipimo. Nilipima spora 25 kwa rula ndogo iliyo ndani ya hadubini, Mwalimu akiandika. Zote ziliangukia kati ya maikroni (sehemu za elfu za milimita) 13 na 18 kwa urefu, 10 hadi 12 kwa upana. Za comatus huwa ndogo, urefu 10 hadi 13. Za yule wa kijivu ndogo zaidi, 8 hadi 11. Hapo tu wote wawili niliowaandika siku ya kwanza na ya pili waliondoka mezani.

Mwisho kipande cha shela, baka moja jeupe limetandazwa kwa sindano. Kwa micaceus hapa ungeona seli za mviringo kama shanga, ndizo zile chembe zinazometa. Huyu alikuwa na nyuzi, seli ndefu zimeungana mwisho kwa mwisho na nyingine zimechipua vitawi. Shela ya nyuzi ndiyo inayochanika kwa mabaka, shela ya shanga hupukutika kama unga. Juzi nililiona hilo kwa macho bila kujua sababu yake.

Mwalimu alitazama muda mrefu, jicho moja limefumbwa, bila kusema kitu. Halafu akavuta kiti pembeni. "Huyo ni kunguru wako. Andika."

Nikafungua daftari kwenye kurasa za mwanzo. Mchuzi wa siku ya tatu ulikuwa umekauka, doa jeusi limekula karibu nusu ya ukurasa, na chini yake, ukiegemeza kuelekea dirishani, mistari ya penseli ilikuwa bado inasomeka: sentimita 18, pete hakuna, harufu ya lami. Tarehe juu ya ukurasa, niliyoiandika kwa kalamu ya wino kabla hatujaondoka, ilikuwa imesambaa ikawa wingu la buluu.

Nikatoa kalamu mfukoni. "Mwalimu, sasa nafikiri tunaweza kuandika kwa kalamu. Tuna uhakika."

Akanishangaa. "Uhakika na kalamu vinahusiana nini?"

"Siku ya kwanza ulisema penseli. Nikadhani..."

"Nilisema penseli kwa sababu tulikuwa kwenye majani yaliyolowa, na karatasi ikilowa wino wa kalamu huenea." Akanisogezea bahasha na kipande cha penseli kisichozidi kidole. "Chonga kwanza. Na jina liandike kwa herufi kubwa, macho yangu si ya jana."